Pikipiki za Porini na Milimani, Nyanda za Juu Kusini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka karakana, vijiwe vya bodaboda na simu za jioni kutoka Makete, Ludewa, Chunya na Kyela. Yana namba ili jibu moja lisirudiwe mara tatu.

## Mambo ya kuanzia

1. Maelezo haya yanahusu pikipiki gani?

Zote zinazofanya kazi nje ya lami. Kwanza zile za tustroki, yaani zinazochoma oili pamoja na petroli: Yamaha AG100 na DT125 walizokuwa wakipewa mabwana shamba na watu wa miradi. Kisha za fostroki, ambazo oili yake hukaa ndani ya injini bila kuchomwa na petroli, kama Honda XL125, Boxer na TVS za bodaboda, na za Kichina zenye injini ya mtindo wa CG. Pikipiki za mashindano ya traiali ni chache sana huku kwetu, nazo zina sehemu yake mwishoni (swali la 20 hadi la 22), ila mengi yaliyo hapa yanazihusu pia.

2. Nifanye sevisi kila baada ya kilomita ngapi?

Kitabu cha pikipiki kitakupa namba, na namba hiyo iliandikwa kwa barabara ya kawaida. Kilomita 1,000 za kwenda na kurudi kwenye lami ya Mbeya hadi Makambako hazilingani na kilomita 1,000 za vumbi la Chunya. Kwa kazi ya porini, mwaga oili ya fostroki kila kilomita 1,000 hivi, na mapema zaidi kama unabeba mzigo mzito au umevuka mto maji yakafika injini. Filta ya hewa iangalie kila wiki kiangazi, na kila jioni kama siku nzima umekula vumbi la malori.

Pikipiki nyingi zinazoletwa kwa fundi mita yake imekufa zamani, kwa hiyo habari ya kilomita ni ya kukisia tu. Andika tarehe ya kumwaga oili kwa maka peni chini ya kiti. Ni njia ya kizamani, lakini inashinda kumbukumbu ya mtu yeyote.

3. Nikienda mbali nibebe nini?

Plagi mpya na spana yake, kebo ya klachi, kiungo cha cheni, tyubu moja au viraka na solusheni, pampu ya mkono, spana ya ekseli ya nyuma, waya wa kufungia na vipande vya mpira wa tyubu kuukuu. Kebo ya akiba ipitishe pembeni ya ile inayofanya kazi na kuifunga hapohapo. Ikikatika katikati ya msitu wa Mufindi saa moja usiku, unahamisha ncha mbili tu na safari inaendelea.

4. Naweza kutia oili ya gari?

Kwenye fostroki, tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA au MA2 (JASO ni viwango vya Kijapani). Klachi ya pikipiki nyingi inaogelea ndani ya oili ileile ya injini, na baadhi ya oili za magari zina dawa ya kupunguza msuguano inayofanya pleti za klachi ziteleze. Utajua mlimani: injini inapiga kelele, pikipiki haisogei. Watu hununua pleti mpya, wakarudishia oili ileile, na baada ya wiki wanarudi kumlaumu fundi.

Kwa unene, 20W-50 inafaa sana Kyela na Usangu kwenye joto. Makete, Njombe na Kitulo, hasa Juni na Julai, 10W-40 inapanda haraka zaidi injini ikiwashwa asubuhi.

5. Na oili ya tustroki, nichanganye kiasi gani?

Kwanza jua pikipiki yako ikoje. AG100 na DT125 zina tenki dogo la oili na pampu inayojichanganyia yenyewe, hivyo kazi yako ni kuhakikisha tenki halikauki na pampu inafanya kazi. Kama pampu ilishang'olewa, na hilo ni jambo la kawaida, unachanganya kwa mkono. Uwiano wa 1 kwa 40 ni mililita 25 kwa kila lita, yaani mililita 125 kwa lita tano. Pima kwa bomba la sindano la duka la dawa. Kukisia kwa macho, au kwa kifuniko cha chupa ambacho hakuna anayejua kinabeba kiasi gani, ndiko kunakoua pistoni. Nunua oili yenye alama ya JASO FC au FD.

## Hewa, petroli na moto

6. Kwa nini pikipiki inachoka nikipanda Kitulo wakati Uyole ilikuwa nzima?

Kwa sababu hewa ni nyepesi. Kyela iko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini ni kama 1,700, na tambarare ya Kitulo inapita 2,600. Injini hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo ukifika Kitulo robo ya nguvu imeshaondoka, hata injini ikiwa mpya. Hakuna fundi wa kuirudisha robo hiyo.

Anachoweza kurekebisha ni mchanganyiko. Kabureta haijui kuwa uko juu; inaendelea kumwaga petroli ya tambarare kwenye hewa iliyopungua, petroli inazidi, plagi inakuwa nyeusi na yenye masizi, bomba linatoa moshi mweusi, injini inakohoa ukifungua mafuta. Anayeishi huko juu aweke jeti kuu (kipande chenye tundu linalopitisha petroli ndani ya kabureta) ndogo kwa hatua moja au mbili, kwa mfano kutoka 100 hadi 95. Anayepita tu apandishe klipu ya sindano ya kabureta mfereji mmoja, ili sindano ikae chini zaidi na kupitisha petroli kidogo.

Kwa silensa, yaani injini ikinguruma bila kufunguliwa mafuta, tazama skrubu ya mchanganyiko ilipo kwenye kabureta. Ikiwa upande wa filta, ni ya hewa: kuilegeza kunapunguza petroli. Ikiwa upande wa injini, ni ya petroli: kuilegeza kunaiongeza. Mafundi wengi wanazungusha bila kuuliza hili, wanaishia kusema kabureta ni mbovu.

7. Nikishaweka jeti ya Kitulo, nikashuka nayo Kyela?

Hapo ndipo hatari ilipo. Jeti iliyopunguzwa kwa ajili ya juu inakuwa na petroli kidogo mno chini, na injini inachemka. Fostroki itakuonya kwa kupoteza nguvu na plagi kuwa nyeupe. Tustroki haionyi sana: pistoni inatoboka au inashika. Kama unapanda na kushuka kila wiki, baki na jeti ya chini na uvumilie masizi ya juu. Plagi ni bei rahisi kuliko bloku.

8. Nisafisheje filta ya hewa?

Tambua kwanza ni ya karatasi au ya sponji. Ya karatasi haioshwi: ikung'ute taratibu, na ikiwa imeingia tope au oili, inunuliwe mpya. Ya sponji ioshe kwa mafuta ya taa, kisha maji ya sabuni, suuza, ikamue bila kuisokota na uianike kivulini. Petroli inalegeza gundi ya sponji, tena inawaka. Ikishakauka, itie oili kidogo, ibonyeze hadi ienee rangi moja, kamua inayozidi.

Halafu fanya kile kinachosahaulika: paka grisi kwenye mdomo wa sanduku pale filta inapokalia. Ukiona ndani ya bomba la hewa, nyuma ya filta, kuna vumbi jekundu laini, basi linapita pembeni na filta yako ni pambo tu. Vumbi hilo ndilo linalokwangua ringi, na baada ya hapo ni moshi wa bluu na oili inayopungua kila siku.

9. Petroli ya chupa inayouzwa vijijini ina shida?

Si lazima iwe imechakachuliwa. Tangu EWURA waanze kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, biashara ya kuchanganya na mafuta ya taa imebanwa. Tatizo la chupa mara nyingi ni maji na takataka za chombo. Iache chupa itulie, uitazame chini kwenye mwanga, mimina kupitia kitambaa safi, na usimimine yote hadi tone la mwisho. Weka filta ndogo kwenye mpira wa petroli. Pikipiki ikianza kukatakata baada ya kujaza, fungua skrubu ya chini ya kabureta umwage kilichomo kabla hujagusa kitu kingine.

10. Asubuhi ya Juni haiwaki kabisa. Nianzie wapi?

Choki, koki ya petroli, swichi ya kuzimia kwenye usukani. Usicheke, hii ya tatu imewasukumisha wengi pikipiki hadi karakana. Kisha toa plagi. Ikiwa imelowa petroli, ikaushe, fungua mafuta yote na upige kiki mara kadhaa bila plagi. Ikiwa kavu, petroli haifiki. Iegemeze plagi kwenye chuma cha injini, mbali na tundu lake, upige kiki: cheche iwe ya bluu na yenye nguvu. Nafasi ya ncha zake kwa injini nyingi za 125 ni milimita 0.6 hadi 0.7.

## Kushuka

Watu huuliza sana habari za kupanda. Lakini ukitazama vinavyoletwa karakana vimeungua, vingi viliharibikia kwenye mteremko.

11. Breki zinapotea nikishuka. Nimebadilisha viatu vya breki lakini bado.

Breki za ngoma zikishikiliwa mfululizo kwenye mteremko kama Kitonga, au zile kona za Hamsini na Saba kati ya Chimala na Matamba, zinapata joto hadi ngoma inatanuka na viatu vinakosa kushika. Ukikandamiza zaidi, unaongeza joto. Shuka kwa gia uliyopandia mlima huo, acha injini ishikilie, na breki uzitumie kwa vipindi: kamata kwa nguvu kabla ya kona, achia kabisa.

Ukifungua ngoma baada ya safari ya namna hiyo, utaona uso wa kiatu umekuwa mgumu na unang'aa. Ukwangue kwa msasa hadi ung'avu uondoke, futa ngoma kwa kitambaa chenye maji (usipulize vumbi lake kwa mdomo, viatu vingine vina asbesto), na paka grisi kidogo mno kwenye kamu inayosukuma viatu. Kamu iliyokauka inafanya breki ibaki imeshika hata ukiachia pedeli, nayo inaungua ukiwa hujui. Jaribu: nyanyua gurudumu la nyuma, zungusha kwa mkono, kanyaga, achia, zungusha tena.

Breki ya diski ikilegea na kuwa laini kama haina kitu, maji yake yamechemka au yana hewa. Maji ya breki hunyonya unyevu. Badilisha kila miaka miwili hata kama yanaonekana masafi, na tia DOT iliyoandikwa kwenye kifuniko.

12. Ni kweli tustroki inaweza kunoki ikiwa inashuka?

Kweli kabisa. Tustroki inapata oili yake kutoka kwenye petroli inayoingia. Ukifunga mafuta kabisa na kushuka kilomita kadhaa kwa gia, injini inazunguka kwa kasi ya magurudumu huku ikipata petroli kidogo, na kwa hiyo oili kidogo. Hata zenye pampu ziko hivyo, maana kebo ya pampu inafuata mkono wako wa mafuta. Pistoni inakauka, inashika ukutani, gurudumu la nyuma linafunga ghafla.

Dawa yake ni ndogo. Kila baada ya muda mfupi, vuta klachi na ufungue mafuta kidogo, kisha endelea. Ni lazima basi breki zako ziwe nzima kuliko za mwenye fostroki (swali la 11). Mteremko wa kutoka Tukuyu kwenda Kyela ni mrefu na mtamu, na ndiyo maana watu wanasahau. Gurudumu likifunga ukiwa kwenye mwendo, shika klachi upesi.

## Cheni, magurudumu na shokapu

13. Cheni iwe imelegea kiasi gani?

Kwa pikipiki yenye shokapu ndefu za porini, milimita 35 hadi 45 za kucheza katikati ya upande wa chini. Za bodaboda ni 20 hadi 30. Pima ukiwa umeizungusha hadi sehemu iliyokaza kuliko zote. Porini cheni iliyokazwa mno ni mbaya kuliko iliyolegea: shokapu ikibonyea, cheni inavuta beringi ya gia ya mbele hadi inavunjika, na hiyo ni kazi ya kupasua injini. AG100 ina boksi linalofunika cheni yote, hivyo hudumu sana, na kwa sababu haionekani watu huikumbuka siku inapokatika.

14. Nipate nguvu zaidi ya mlimani kwa kubadilisha spoketi?

Ndiyo, na ni njia ya bei rahisi kuliko zote. Chukua mfano wa meno 15 mbele na 45 nyuma: uwiano ni 3.0. Ukiweka 14 mbele inakuwa 3.21. Ukiacha 15 na kuweka 48 nyuma, inakuwa 3.2. Maana yake jino moja la mbele ni kama matatu ya nyuma. Mwendo wa lami utapungua kwa kadiri ileile. Usifunge cheni mpya kwenye spoketi zilizochongoka.

15. Spoki zinakatika kila mara upande wa nyuma.

Tazama mzigo kwanza. Lumbesa ya viazi kutoka Isyonje ina uzito wa watu wawili, na iko nyuma ya ekseli. Kisha gonga kila spoki kwa spana ndogo: zilizokaza zinalia kwa sauti ya juu, iliyolegea inalia butu. Moja ikilegea, jirani zake zinabeba kazi yake, zinachoka, zinakatika. Kaza kidogokidogo, robo mzunguko, ukizunguka gurudumu lote. Gurudumu jipya likaguliwe baada ya siku chache za mwanzo.

16. Upepo wa tairi porini uwe kiasi gani?

Kwa tairi lenye tyubu, psi 12 hadi 15 kwenye mawe na tope bila mzigo. Ukipakia, au ukirudi lami, panda hadi kiasi cha kitabu. Ukishuka chini ya hapo, tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka matundu mawili yanayotazamana, au tairi linateleza kwenye rimu na kung'oa valvu.

17. Shokapu za mbele zinavuja oili.

Kabla ya kununua oili sili, shusha kinga ya vumbi, ingiza ukanda mwembamba wa plastiki laini kati ya sili na bomba, uzungushe. Mara nyingi ni punje ya mchanga tu iliyokwama. Ikiwa bomba lina kutu au mkwaruzo unaoshika ukucha, sili mpya itadumu wiki. Oili iwe ya shokapu, 10W kwa nyingi, na ujazo uwe sawa pande zote mbili.

## Maji na tope

18. Imezama mtoni ikazimika. Nifanyeje?

Usipige kiki, usibonyeze stata. Maji hayabonyei, pistoni ikiyagonga, fimbo yake inapinda. Itoe nje, zima swichi, toa plagi, ilaze au isimamishe kwa gurudumu la nyuma ili maji yatoke kwenye bomba la moshi, kisha piga kiki taratibu hadi yaishe. Mwaga kabureta, kamua filta. Chungulia oili: ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, imechanganyika na maji, na hutakiwi kuiendesha hata kilomita tano. Tia oili yoyote safi ya injini, iwashe dakika chache, mwaga, tia tena.

Ukishafika nyumbani, fungua beringi za magurudumu na za usukani. Hizo hazilalamiki siku hiyo. Zinalalamika mwezi unaofuata.

19. Tope jeusi la Usangu linafunga gurudumu la mbele.

Madigadi inayokaa karibu na tairi ndiyo chanzo. Inyanyue kwa vipande vya chuma, au weka ile ya juu ya mtindo wa porini. Kuosha kwa mashine ya presha ni sawa, ila usielekeze mdomo wake kwenye ekseli, cheni, sili za shokapu wala chini ya kiti.

## Traiali na mambo ya pembeni

20. Pikipiki ya traiali ina tofauti gani na ya kawaida ya porini?

Traiali ni mchezo wa kupita juu ya mawe, magogo na makorongo bila kugusa chini kwa mguu. Mguu ukigusa mara moja ni pointi moja ya adhabu. Ukishindwa kabisa kupita ni tano. Mhispania Toni Bou, anayeendesha Montesa, alichukua ubingwa wa dunia kila mwaka kuanzia 2007 hadi 2024. Pikipiki zenyewe, kama Beta, Gas Gas, Sherco na Montesa, zina uzito wa kilo 70 hivi, hazina kiti cha maana, na tenki lake ni la lita mbili au tatu.

21. Matunzo yake yanatofautiana wapi?

Klachi inafanyishwa kazi kuliko injini, kwa hiyo oili ya gia inabadilishwa mara nyingi. Tairi la nyuma halina tyubu na linaendeshwa kwa psi 4 au 5, kiasi ambacho geji ya kawaida ya karakana haiwezi kukipima vizuri. Nunua geji ndogo. Bamba la chini ya injini lifunguliwe kila baada ya siku ngumu, maana tope linalonasa hapo linaficha nyufa na linazuia injini kupoa. Tustroki nyingi za aina hii zinatumia oili kidogo kuliko zile za zamani, kwa hiyo hapa fuata kitabu chake na usitumie uwiano wa swali la 5.

22. Naweza kuiendesha mjini, au kwenda nayo Kitulo?

Isiyosajiliwa TRA, isiyo na taa, honi wala namba, haifai barabarani. Ibebe kwenye pikapu. Kitulo ni Hifadhi ya Taifa tangu 2005, iko chini ya TANAPA, na nje ya barabara za hifadhi tairi halitakiwi kukanyaga: maua yanayofuatwa na wageni yanaota kwenye udongo huohuo unaochimbwa na matairi. Kwa mazoezi, omba ruhusa ya mwenye shamba au serikali ya kijiji. Mawe ya bure yapo mengi Iringa.

23. Spea: orijino au ya bei rahisi?

Inategemea kitu. Madigadi, kioo, indiketa, hata kebo, chukua rahisi. Cheni, beringi, ringi, viatu vya breki na oili sili, lipa zaidi. Injini za mtindo wa CG zina faida yake: Honda waliibuni miaka ya 1970 ikiwa na fimbo za kusukuma valvu badala ya cheni ya taimingi, kwa kuwafikiria watu wasiofanya sevisi, na spea zake zinaingiliana sana hadi leo. Tapeti zake, yaani nafasi ya kucheza ya valvu, ni kati ya milimita 0.05 na 0.08, zikipimwa injini ikiwa baridi kabisa na pistoni ikiwa juu kwenye mpigo wa kubana. Zikiwa kimya kabisa, shuku zimebana. Valvu inaungua bila kelele.

24. Nataka kuifungia XL125 injini ya CG. Inawezekana?

Watu wanafanya. Nafasi za bolti hazilingani, kwa hiyo vishikio vinakatwa na kuchomelewa, na hapo ndipo kazi inapoharibika: gia ya mbele isipokuwa kwenye mstari mmoja na ya nyuma, cheni inaruka ukiwa na mzigo. Pima kwa rula ndefu kabla ya kuchomelea moja kwa moja. Namba ya injini nayo itabadilika, hivyo kadi lazima irekebishwe TRA, la sivyo utapata shida siku ya kuuza.

25. Itakaa bila kutumika masika yote. Niiacheje?

Funga koki, iache iwake hadi petroli ya kabureta iishe, jaza tenki ili lisiote kutu ndani, toa waya hasi wa betri, na ziba mdomo wa bomba la moshi kwa kitambaa. Panya wa Rungwe wanapenda sana sanduku la filta.